Papa Barabarani

SWALI: Shangazi, binti yangu wa miaka 14 huamini kila picha anayotumiwa. Nikimkatalia, ananuna. Nimpokonye simu?

JIBU: Simu muachie, mwanangu. Nilipokuwa nafundisha, somo lililowaamsha vijana wangu lilikuwa la papa anayeogelea barabarani kwenye mafuriko. Mwaka 2011, baada ya kimbunga Irene, picha hiyo ilidaiwa kuwa ya Puerto Rico. 2017, kimbunga Harvey kilipopiga Texas, papa yuleyule akahamia Houston! Niliwapa picha tu, nikawaacha watafute wenyewe ilikotoka. Walicheka hadi kengele ikalia.

Kisha nikawaonyesha video ya kimbunga Ian, mjini Fort Myers, Florida, Marekani, 2022. Papa tena. Darasa zima: “Uongo!” Kumbe video ilithibitishwa kuwa halisi, ingawa wataalamu hawakuafikiana kama ni papa kweli au samaki mwingine. Wakanyamaza. Kijana anayekataa kila kitu naye amepotea, tena huyo ndiye mgumu kumrudisha.

Binti yako asiikodolee macho picha yenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliona wahakiki wa habari wakiuacha ukurasa wa tovuti upesi na kwenda kuangalia wengine wanasema nini kuuhusu, huku wanahistoria wasomi wakidanganywa na nembo nzuri.

Leo jioni mtumie wewe picha unayoishuku, umwombe akutafutie asili yake. Mimi mwenyewe niliwahi kusambazia ukoo mzima dawa ya uongo ya kisukari. Aliyenisahihisha ni mjukuu wangu, mbele ya wote.