Benchi, kabati kuukuu na chumba cha kupanga: zana zikae wapi?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nimepanga chumba cha futi 10 kwa 12 hapa Tanga kwa ajili ya useremala, na mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe. Nina benchi la mninga lenye urefu wa sentimita 180, upana wa 60 na kimo cha 85, ambalo chini yake ni wazi, pamoja na kabati kuukuu la nguo la milango miwili. Randa, patasi, misumeno na mashine za umeme zimejaa juu ya benchi hadi sina pa kufanyia kazi. Je, nijaze droo chini ya benchi mpaka juu? Na nikilifunga magurudumu, nitapata nafasi zaidi?

JIBU: Marahaba. Nianze na droo, kwa sababu hapo ndipo mafundi wengi huharibu benchi zuri. Droo zisifike mpaka kwenye uso wa benchi, kwa kuwa siku utakapotaka kubana ubao ukingoni, taya ya chini ya klempu itakosa pa kushika. Ikiwa uso wa benchi lako una unene wa sentimita 5, zinabaki sentimita 80 hadi sakafuni. Acha 15 juu kwa ajili ya klempu, acha 10 chini ili ufagio upite na njia za mchwa zionekane mapema, kisha tengeneza sanduku la kimo cha sentimita 55 litakalokaa kati ya miguu, juu ya mihimili miwili. Usilisogeze mbele likalingana na ukingo wa benchi. Lirudishe ndani kidogo ili vidole vya miguu vipate pa kuingia unapopiga randa. Kama benchi lina jiliwa, yaani kibanio cha mbao kinachofungwa benchini, hakikisha pia kwamba mpini wake unazunguka bila kugonga droo.

Sanduku la urefu wa sentimita 140 na kina cha 50, lenye kizuizi kimoja katikati, linatoka lote isipokuwa mgongo katika karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 18 ya futi 8 kwa 4, mradi upange mikato kabla ya kuwasha msumeno. Pande za droo zinatosha kwa plaiwudi ya milimita 12, na vitako kwa milimita 6. Reli za chuma hupendeza, lakini kila upande hula karibu milimita 13, na vumbi la mbao likichanganyika na grisi yake droo huanza kugoma. Mimi hufunga fito za mbao ngumu na kuzisugua kwa mshumaa. Droo za juu ziwe na kina cha sentimita 7 au 8 tu, kwa vifaa vya kupimia, keekee na bisibisi, kwa sababu droo yenye kina kirefu hugeuka kuwa pipa. Mashine na misumari vikae chini kabisa. Uzito huo utalituliza benchi lisitembee unaposukuma randa.

Kuhusu magurudumu, jibu langu ni hapana. Hata yenye breki huliacha benchi likicheza chini ya randa. Kinachostahili magurudumu ni kitoroli cha mabaki ya mbao.

Kabati ndilo litakalokupa nafasi kubwa kuliko unavyodhani. Ondoa bomba la kutundikia nguo, kisha ndani ya kila mlango funga fremu yenye kina cha sentimita 8. Zana zilizotundikwa mlangoni huonekana zote mara moja unapoufungua. Kwa patasi usihangaike kutoboa matundu. Chukua fito mbili, zitenganishe kwa vipande vya milimita 12 kwenye ncha zake, nawe utapata mwanya ambamo bapa la patasi huteremka na mpini ukabaki juu. Mbele ya makali funga kipande cha plaiwudi nyembamba, maana mkono unaotafuta msasa haukumbuki patasi iko wapi.

Sasa angalia hatari yake. Bawaba mbili za kabati la nguo hazikukusudiwa kubeba mzigo huo, kwa hiyo weka bawaba ndefu ya kimo kizima cha mlango. Kisha kumbuka kwamba milango miwili iliyojaa zana, ikifunguliwa pamoja, huhamishia uzito mbele. Kabati langu la kwanza liliniinamia hivyo hivyo, nikabaki nimelikumbatia mpaka kijana wangu alipokuja kuniokoa, na kosa lilikuwa langu: vizito vyote nilikuwa nimeviweka milangoni. Kwa kuwa huruhusiwi kutoboa ukuta, kaza ubavu wa kabati kwenye ncha ya benchi kwa bolti mbili zenye washa pana, na rafu ya chini ibebe vitu vizito zaidi.

Tanga ni pwani, na hewa ya chumvi haina huruma na chuma. Acha sentimita 3 kati ya mgongo wa kabati na ukuta, toboa matundu machache juu na chini ili hewa ipite, na kila jioni pangusa nyayo za randa kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani. Kabla ya kukaza skrubu yoyote, laza mlango sakafuni, panga zana zako juu yake, uzungushie kila moja penseli, kisha jaribu kuichukua kwa mkono mmoja. Isiposhikika bila kugusa jirani yake, iongezee nafasi.