Kamongo hana bondo: ni samaki au si samaki?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Napaa samaki mwaloni Kirumba, Mwanza. Kila sangara ninayempasua namtoa bondo, ule mfuko wa hewa wa tumboni, lakini kamongo hana. Nakuta mifuko miwili mirefu, laini, yenye vishimovishimo ndani, imelala chini ya mgongo. Wenzangu wanasema ni mapafu, kwa hiyo kamongo si samaki. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeona vizuri, yale ni mapafu. Ila kamongo ni samaki, tena samaki wa mifupa kama sangara.

Samaki wa mifupa wamegawanyika katika koo mbili, na wa kwanza ni ukoo wa sangara. Likunjue pezi la sangara: ni ngozi iliyotandazwa juu ya vijiti vyembamba, mithili ya mwamvuli, na nyama imeishia mwilini. Sato, furu, dagaa, ningu na kambare wote ni wa ukoo huo. Ukoo wa pili pezi lina mhimili katikati. Kwa kamongo limesinyaa likawa kama kamba, lakini mhimili upo. Humo ndimo walimotokea wanyama wote wa miguu minne, na sisi binadamu. Kwa hiyo huyo kamongo ana udugu wa karibu zaidi na wewe unayempasua kuliko na sangara aliyelala pembeni yake mezani.

Wengi hudhani bondo lilitangulia, baadaye likageuka pafu. Hata Charles Darwin aliandika hivyo mwaka 1859. Mambo ni kinyume. Babu wa samaki wote wa mifupa, zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, tayari alikuwa na mapafu. Kamongo aliyatunza; katika ukoo wa sangara yakageuka bondo la kumsaidia kuelea. Na si wote walioyageuza: samaki aitwaye Polypterus wa Ziwa Tanganyika, ambaye ni wa ukoo wa sangara, ana mapafu hadi leo.

Ukipata kamongo aliyekwisha kufa (mzima usimtie kidole mdomoni, meno yake ni mabamba ya kuvunjia konokono), mfungue kooni. Kijitundu cha kupitishia hewa kiko sakafuni mwa koo, kama chako. Bondo la sangara halina tundu; hewa yake hutoka kwenye damu. Ndiyo maana akivutwa haraka kutoka kina kirefu hewa hutanuka, haina pa kutokea, na tumbo linamtoka mdomoni. Hilo bila shaka umeshaliona.

Kambare asikuchanganye. Naye hupumua hewa, lakini hana mapafu kama ya kamongo. Inua kifuniko cha matamvua utaona kitu chekundu kama kijiti chenye matawi, anapumulia hicho.

Matamvua ya kamongo mkubwa ni madogo mno, hayamtoshi. Lazima apande juu kuvuta hewa. Akinaswa na wavu chini usiku kucha, asubuhi anaopolewa mfu, na sababu ni ileile ingekuua wewe: amekufa maji.