Baada ya bunduki, lililonishinda zaidi ni neno "naomba"

Wiki mbili zilizopita nilishusha majini mtumbwi wangu wa kwanza, niliouunda kwa mikono yangu kuanzia mkuku hadi ubao wa mwisho. Niliweka picha hapa, mkanipongeza, wabeja sana. Katikati ya pongezi ukaingia ujumbe wa kijana mmoja: "Kaka, na mimi nilikuwa kadogo. Nimetoka msituni mwaka wa tatu huu. Kazi napata, ila haipiti miezi miwili nimeshagombana na tajiri. Wewe ulifanyaje?"

Nilimjibu siku hiyohiyo, lakini jibu lilikuwa fupi mno kwa swali zito hivyo. Leo namjibu vizuri, nanyi wengine msikie.

Kwa wasiojua, kadogo ni jina tulilopewa sisi watoto tuliobebeshwa silaha Kongo katika vita ya 1996, majeshi ya Laurent Kabila yalipoanzia mashariki hadi yakaingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997. Mimi nilichukuliwa Uvira nikiwa na miaka 12. Kinshasa sikufika, niliishia Kisangani, kisha tukarudishwa mashariki. Vita ya pili ilipoanza Agosti 1998, nilivua mabuti nikavuka Ziwa Tanganyika usiku, nimejikunja kati ya magunia, mpaka Kigoma. Ya katikati siyaandiki. Wapo watu wanaopenda kuyasikia hayo kuliko kutusikia sisi wenyewe.

Mama yangu ni Mmanyema wa Ujiji, kwa hiyo nilikuwa na pa kufikia. Mjomba alinipokea kwa machozi. Mke wake alinipokea kwa kuhesabu visu. Kila usiku alivihesabu, akavifunga kwenye kitambaa na kuingia navyo chumbani. Nilikuwa na miaka 14, na katika nyumba ile sikuwahi kumnyooshea mtu hata kidole. Ameshatangulia mbele ya haki, nami nimemsamehe. Lakini mpaka leo visu vikigongana jikoni, maneno yananikatika mdomoni.

Nikapanda treni hadi Mwanza. Miaka ya mwanzo ilikuwa kubeba magunia ya dagaa pale Mwaloni Kirumba na kulala popote. Wafanyabiashara wa Kongo walikuja kununua dagaa wakavu, nami nikiwasikia tu wanasema "mayi" nilizunguka upande wa pili wa soko. Niliogopa mmoja wao asije akanitambua. Nilijifunza kusema "maji" kama watu wa huku, nikawa nairudia peke yangu usiku.

Kazi ya kwanza iliyonikubali ilikuwa uvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Wakati ule zilikuwa karabai, siku hizi wengi wana taa za sola. Mbalamwezi ikitoka, mitumbwi inapumzika. Mimi usiku nilikuwa silali hata nikilala, kwa hiyo nikajikuta nalipwa kwa kukesha. Mdogo wangu, hilo lishike: usianze kwa kupigana na mwili wako. Tafuta kazi inayokubaliana na hali uliyonayo sasa, mengine yatafuata. Na usingizi ukikukataa kabisa, nenda hospitali, hata Bugando, ukamweleze daktari. Mimi nilichelewa kwenda, na najuta.

Pamoja na hayo, nilifukuzwa kwenye mitumbwi mitatu. Kila mara niliamini nimeonewa. Kilichonifungua macho ni mzee mmoja fundi wa mitumbwi kule Igombe, aliyenichukua nijifunze kazi. Siku ya kwanza nilimwambia kijana mwenzangu, "Lete randa!" Hakuleta. Nikapaza sauti. Hakuleta. Nikamwendea kwa ngumi. Mzee hakuinuka alipokaa, alikuwa anakalafati, akasema tu, "Randa ni yake. Muombe."

Sikuweza. Msinielewe vibaya, sikukataa kwa kiburi. Neno lenyewe halikutoka. Jeshini kulikuwa na kuamrisha na kutii, na kati ya hivyo viwili hapakuwa na kitu. Anayeomba anaweza kuambiwa hapana, na kule nilikotoka hapana ilikuwa na gharama yake. Nilikaa siku nzima sifanyi kazi, namwangalia yule kijana akilainisha ubao. Jioni ndipo nikasema, "Naomba randa." Akanipa bila neno, nikageuka upande wa ziwa wasinione uso.

Kwa hiyo jibu langu ni hilo, mdogo wangu: jifunze kuomba. Omba chumvi, omba njia, omba likizo, omba radhi. Utakapoambiwa hapana, kaa nayo. Hakuna atakayekufa. Utarudi kesho uombe tena.

Machi 2012 redio ya mzee ilitangaza kwamba Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, imemtia hatiani Thomas Lubanga, kiongozi wa wapiganaji wa Ituri huko mashariki ya Kongo, kwa kuingiza vitani watoto wa chini ya miaka 15. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama ile. Mimi sikuwa Ituri, na walionichukua hawakuwa watu wake. Lakini patasi ilinidondoka. Miaka yote nilijihesabu askari mtoro, na sasa redio inasema mtoto wa umri ule akishikishwa bunduki, mwenye kesi ni aliyemshikisha. Nilikuwa na miaka 28. Ndipo nilipomwambia mzee nilikotoka. Akanijibu kwamba alijua tangu siku ya randa.

Mkitaka kusema habari zenu, semeni kwa mtu wa namna hiyo, aliyekwisha kuwaona mkifanya kazi. Msianze kwa mwenye nyumba wala wakwe. Na nyinyi mnaotupokea, acheni kuhesabu visu. Mtoto anaona. Mkimwogopa miaka mitatu mfululizo ataamini kwamba anastahili kuogopwa, na hapo mtakuwa mmemaliza kazi ambayo kamanda wake aliianza. Nasema kwa uchungu kwa sababu nayajua haya ndani ya mifupa yangu.

Wala sijapona kabisa. Mwezi uliopita, nikiwa na haraka ya ule mtumbwi, nilimwita mwanangu kwa sauti ambayo sikuitumia kwa miaka mingi. Ana miaka 12. Alitoka ndani akasimama wima, mikono imenyooka ubavuni, macho mbele. Hakuna aliyemfundisha kusimama vile. Nilikaa chini mchangani nikamwomba radhi, naye hakujua namwomba radhi ya nini.

Juzi nilikuwa na ubao mrefu unaotaka mtu wa pili. Yeye alikuwa anakula. Nikamwambia, "Mwanangu, naomba uje unishikie."

"Subiri, baba, namalizia ugali."

Nikasubiri, ubao begani, mpaka akanawa mikono.