Umeme ukikatika, gesi ya bomba haikatiki? Yaliyotukuta Houston Februari 2021

Mkuu, umeuliza kama gesi ya bomba kwenye nyumba uliyohamia Dallas, huku Texas, Marekani, itaendelea kuja umeme ukikatika wakati wa baridi. Itakuja, karibu mara zote. Ila nyumba haitapata joto, na hilo sisi tulilijua tukiwa tumeshaganda.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Februari 2021 umeme ulikatika kwetu Houston. Sikushtuka, maana hita yetu ya nyumba ni ya gesi. Baada ya saa moja nikaenda kuigusa: baridi kama bati la alfajiri. Gesi ilikuwepo, lakini feni ya kusukuma hewa ya moto vyumbani, kiwashio na themostati (kidhibiti joto) vyote vinataka umeme. Watoto tukawalaza katikati yetu na makoti yao.

Jikoni mambo yalikuwa mengine. Mke wangu aliwasha kiberiti kwanza, akakisogeza, ndipo akafungua gesi kidogo, na moto wa buluu ukashika uleule wa siku zote. Tukanywa chai ya tangawizi kwa mwanga wa mshumaa. Oveni ilikataa, kwa sababu vali yake haifunguki mpaka kiwashio kipate umeme, usiilazimishe. Maji ya moto tulikuwa nayo, hita yetu ya maji ni ya gesi ya zamani, yenye tangi na kile kimoto kidogo kisichozimwa. Jirani mwenye ile ya kisasa isiyo na tangi alikuja kwetu na ndoo.

Gesi inafika kwa sababu inasukumwa na presha iliyomo ndani ya mabomba, na kompresa nyingi (mashine za kusukuma gesi) za njia kuu zinaendeshwa kwa gesi hiyohiyo. Nyingi, si zote. Wiki ile visima vya gesi viliganda kwa baridi, na baadhi ya mitambo ya gesi ikakatiwa umeme kwenye mgawo. Gesi ikapungua, na mitambo ya umeme inayoitegemea nayo ikazidi kuzimika. Zaidi ya nyumba na biashara milioni 4.5 zilikaa gizani. Majumbani gesi ilidumu kwa kuwa wenye nyumba walipewa kipaumbele mbele ya viwanda.

Sasa nakuomba sana, Mkuu: usiwashe jiko la gesi ili kupasha nyumba joto. Pika, zima. Sisi tuliokulia na jiko la mkaa tunajua habari za watu waliolala nalo ndani wasiamke. Huku nako wiki ile watu walikufa kwa hewa hiyohiyo ya sumu, kaboni monoksidi, wengine kwa kuingiza majiko ya kuchomea nyama ndani, wengine kwa kuwasha gari gereji. Haina harufu. Nunua kengele ya betri inayotambua hewa hiyo, ifunge karibu na vyumba vya kulala.

Na weka kiberiti. Nyumba ya kwanza niliyopanga huku haikuwa na hata njiti moja.