Mimba na maumivu ya upande mmoja: usisubiri kesho

Pole dada. Umesema hedhi ya mwisho ilikuwa wiki 7 zilizopita, kipimo cha mkojo kina mistari miwili, na sasa tumbo linauma upande wa kushoto na matone ya damu yanatoka: hiyo yaweza kuwa mimba nje ya kizazi. Nenda leo hii hospitali yenye ultrasaundi na chumba cha upasuaji, si duka la dawa, na usiende peke yako. Mimba ikikua kwenye mrija unaopitisha yai kwenda kwenye kizazi, inaweza kuupasua, damu ikamwagikia ndani bila kuonekana. Mdogo wangu alipopata mimba ya namna hii alilalamika bega, sisi tukamkanda maji ya moto. Kumbe ni damu tumboni! Ukisikia bega linauma au kizunguzungu, kimbia. Ikigundulika mapema, huenda sindano ya methotreksati (dawa inayozuia mimba hiyo isiendelee kukua) ikatosha bila kupasuliwa.