Ukienda kuoga maji ya moto Kondoa, beba maji yako ya kunywa

Mama yangu ana miaka 67 na magoti yanamsumbua. Julai iliyopita baridi ya Dodoma ilimbana mpaka akawa anashuka kitandani kwa kushika ukuta. Akaniambia, "Mwanangu, nipeleke kwenye maji ya moto." Tukapanda basi la asubuhi hadi Kondoa, tukamalizia na bajaji.

Usitarajie bwawa la vigae na taulo. Tulichokikuta ni dimbwi lililozungushiwa mawe. Ukikaa, maji yanakufika kifuani. Viputo vinatoka mchangani kimoja kimoja, kama uji unaoanza kuchemka, kumbe ni gesi tu. Wanajiolojia wamepima gesi ya chemchemi kadhaa za kanda hii ya kati wakakuta heli, ambayo huzaliwa urani na thoriamu, yaani madini yenye mionzi, zinapovunjika taratibu ndani ya miamba mikongwe ya huku kwetu. Maji yenyewe huzama kwenye nyufa za Bonde la Ufa, hupata joto huko chini, kisha hupanda yakiwa yameyeyusha chumvi na madini ya mwamba.

Hayo madini ndiyo yaliyonifanya niandike. Mama alikuja na madumu mawili ya lita 20. Alishaambiwa na jirani kwamba ukiyanywa yanasafisha tumbo, na wajukuu nao wapewe. Nikamkatalia. Akasema, "Basi tutayachemsha." Hapo ndipo wengi wanapokosea. Maji ya moto ya ardhini mara nyingi yana floraidi nyingi, na floraidi haifi kwa moto kama kijidudu. Ukichemsha, mvuke unaondoka, floraidi inabaki kwenye maji machache zaidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Yale meno ya kahawia tunayoyaona kwa wenzetu wa Singida, Manyara na Arusha yanatokana na hiyo, na huanza utotoni, jino likiwa bado linajengeka ndani ya fizi. Kwa hiyo mtoto asipewe hata kikombe.

Kuoga ni jambo jingine, na kuna raha yake. Mama aliingia na kanga yake, akanyoosha miguu, akafumba macho. Kosa langu ni kumwacha akae karibu dakika 40 kwa sababu alikuwa anatabasamu. Aliposimama, kizunguzungu kikampiga, nikamdaka mkono. Joto hupanua mishipa na presha hushuka ghafla. Siku hizi tunakaa dakika 15, tunatoka, tunakunywa maji, ndipo anarudi. Mwenye presha, mwenye matatizo ya moyo au mjamzito aulize daktari kwanza. Mwenye kisukari apime joto la maji kwa kiwiko, maana nyayo zake huenda hazisikii moto vizuri.

Tena usizamishe kichwa. Kuna kimelea kinachopenda maji ya vuguvugu kinachoweza kupita puani hadi kwenye ubongo. Ugonjwa wake ni nadra sana, ila anayeupata ni nadra kupona. Watoto wanaopenda kupiga mbizi waambie mapema, kabla hawajavua nguo.

Ukifika, pita kwanza kwa wenyeji ukaombe ruhusa. Chemchemi nyingine ni mahali pa matambiko, na mwenyeji ndiye anayejua jicho lipi la maji linaunguza. Na usiende wakati wa masika. Ule udongo mweusi ukilowa, gari linalala hapo hapo.

Magoti hayajapona, sitakudanganya. Ila usiku ule mama alilala bila kuguna kwa maumivu, na asubuhi alishuka kitandani bila kushika ukuta. Dumu moja tulirudi nalo. Nimeliandika kwa maka peni SI YA KUNYWA, na kila jioni ninampashia kidogo kwenye beseni aloweke miguu.