Paka wangu anakojoa kwenye zulia, ananikomoa?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina paka dume ana miaka 4, alikuwa msafi kabisa ila tangu jana anakojoa kwenye zulia, mara kwenye viatu vyangu, tena vitone tu, halafu analia. Nimemgombeza wee lakini wapi. Au ananikomoa kwa vile tumepata mtoto mchanga?

JIBU: Marahaba. Paka hajui kukomoa bwana, na huko kumgombeza acha leo leo. Mimi hivyo vitone ndo vimenishtua. Dume akichuchumaa muda mrefu anajikamua, kinatoka kitone au hakitoki kitu, anajilambalamba huko chini, basi njia ya mkojo inaweza kuwa imeziba, maana kwa madume ni nyembamba sana, na ikiziba kabisa sumu inabaki kwenye damu, potasiamu (madini yaliyomo kwenye damu) inapanda, moyo unaweza kusimama ndani ya siku 2 au hata kabla. Usisubiri kesho, mpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi. Na usije ukampa parasetamo, kidonge kimoja tu kinaweza kumuua. Akinguruma taratibu kama anayefurahi ukimbeba pia usidhani yuko poa, paka hunguruma hata akiwa na maumivu.

Kuhusu mtoto, hapo hujakosea sana, mabadiliko nyumbani yanampa paka stresi na stresi inaweza kufanya kibofu kivimbe. Akishatibiwa mwongezee boksi la pili la mchanga wa kujisaidia sehemu tulivu, chakula kiwe cha majimaji, bakuli la maji liwe mbali na boksi.